Ushanga Niliomfunga Espérance

Mpaka leo nikipita karibu na chuo cha Westville nageuza uso, na nawasimulia haya nikijua mtacheka, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka nikachoka.

Espérance, dada wa Burundi ninayesali naye kanisa moja, alikuwa anasomea jongoo (nilikuwa nawaita wadudu, akinirekebisha kila mara, ila mimi ni msusi, mnisamehe), na mchana ule alitakiwa kuwaeleza maprofesa habari za jongoo wadogo waishio chini ya majani yanayooza msituni, na wasiporidhika masomo yake yanaishia hapo. Asubuhi akaniita kwake nimsuke. Nikamsuka, jamani, kila msuko na ushanga wa kahawia mwishoni, na nilipofika msuko wa mwisho, ule wa mbele unaoangukia paji la uso, shanga zikaisha.

Nje mvua, duka mbali, naye kainamia karatasi zake. Mezani, kwenye kisahani, nikaona kitu cha mviringo, cha kahawia, kinang'aa. Hakina tundu, nikasema labda shanga za wasomi ndivyo zilivyo, nikakizungushia uzi mweusi, nikafunga (kumbe alikuwa jongoo wake, alimtoa kwenye kopo kumpiga picha, akasahau kumrudisha).

Akaniambia nimsindikize nikaone kazi yangu inavyopendeza. Nikakaa nyuma, najisikia mkubwa. Akaeleza vizuri kwamba jongoo huyu hamwumi mtu, anakula majani makavu tu, akiogopa anajikunja kama kidonge na kuficha kichwa na miguu yote, na hafunguki mpaka kuwe kimya. Kisha akafungua kopo awaonyeshe. Kopo tupu. Akapekua majani, chumba kizima kimenyamaza, na katika ukimya ule nikauona ushanga wangu unatoa miguu.

Ukajinyoosha, ukachomoka kwenye uzi, ukaanza kushuka kuelekea nyusi. Nikasimama, nikamwita kwa Kiswahili chetu cha kanisani.

"Espérance, usitikise kichwa."

"Dada Solange, iko nini?"

"Jongoo yako iko kwa uso yako. Ni mimi nilimufunga, nilizani ni ushanga."

Maprofesa wakataka kujua nimesema nini, na maskini Espérance akalazimika kunitafsiri kwa Kiingereza, neno kwa neno, jongoo akiwa kwenye nyusi. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee mmoja akavaa miwani, akasogea kumtazama, akacheka mpaka akakaa chini. Basi Espérance akapata moyo, akaweka kidole, jongoo akapanda, na mwenyewe akaendelea kueleza kama vile tulipanga.

Alifaulu. Kwangu hakukanyaga wiki mbili, halafu akarudi kusukwa, akileta wenzake wa chuo, na kila mmoja akikaa kwenye kiti ananiuliza polepole, "Dada, zote ni za plastiki?"

Ninaapa, siku hizi simfungi mtu ushanga kabla sijauweka mezani na kunyamaza nao dakika tano nzima.