Mbula na Kompyuta za Aina Tatu

Mbula Musyoka hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Nasema hivyo nikiwa nimefanya kazi naye miaka sita katika shule moja ya binafsi kule mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, mimi nikifundisha hesabu na yeye akiwa karani wa ofisi. Ukimwambia, "Madam, ni kakazi kadogo tu ka kutaipu," alikurudishia karatasi yako na kukujibu, "Kama ni kadogo, si ukafanye mwenyewe?" Alikuwa na miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Mutitu, Kitui, mwembamba, na miwani yake ilikuwa imefungwa mguu mmoja kwa uzi wa cherehani. Alikaa Mashimoni, Kibera. Kila asubuhi alitembea hadi Kawangware na kufika kabla mlinzi hajamaliza kufagia getini.

Shule ilikuwa ya Mzee Naftaly Irungu. Kiwanja alirithi kwa baba yake, na zile nyumba za mabati zilizokizunguka zilikuwa zake pia, kwa hiyo nusu yetu walimu tulikuwa wapangaji wake. Mwenye nyumba na mwenye kazi akiwa mtu mmoja, unajifunza kunyamaza. Mbula hakupanga kwake. Labda ndiyo sababu ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko zetu.

Taabu ilianzia kwenye kompyuta. Ofisini kulikuwa na moja kuukuu ya Windows. Maabara kulikuwa na sita tulizopewa na kampuni fulani ya mjini ilipokuwa ikihama, nazo zilikuja na Ubuntu, mfumo mwingine kabisa usio Windows. Kisha Tracy, binti ya Mzee, akamaliza chuo, akafanywa meneja wa shule na kuja na laptop yake ya Mac. Kila mwalimu alitaipu mtihani wake pale alipopata nafasi, kwa programu aliyoikuta hapo. Faili likihama kutoka mashine moja hadi nyingine, majedwali yanavunjika na sehemu za hesabu zinageuka visanduku vitupu. Wa kunyoosha hayo yote alikuwa Mbula. Muhula mmoja alitaipu upya mitihani kumi na mmoja, akasema hatarudia tena, na hakuna aliyedhani anamaanisha.

Tracy naye aliona tatizo, ila aliliona kwa njia yake. Jumatatu moja alituita sote chumba cha walimu, baba yake akiwa amekaa kando na kofia yake gotini.

"Sikizeni," alisema. "Kuanzia leo, mitihani yote inaandikwa na hii programu iliyo kwa laptop yangu. Iko poa, iko clean. Mambo ya kila mtu na yake tumemaliza."

Mbula aliinua mkono, lakini hakungoja kupewa nafasi. "Hizo sita za maabara zitaifunguaje?"

"Hazitaifungua. Mtakuja kwa yangu."

"Walimu kumi na wanne, laptop moja?"

"Mtapanga laini, Madam. Ama wewe uko na ingine?"

"Niko nayo," Mbula alisema, akasimama. Akatueleza kwamba kwa wiki tatu alikuwa akijaribu programu nne za ofisi. Alichukua mtihani mmoja wenye jedwali, mchoro na sehemu, akautaipu kwa kila programu, kisha akauhamisha kutoka Ubuntu hadi Windows na kuurudisha. Mbili zilivuruga jedwali. Moja ilitaka intaneti kila wakati, na intaneti yetu tunaijua. Iliyobaki ilikuwa LibreOffice. "Inaingia Windows, inaingia Ubuntu, na nimesoma inaingia hata hiyo Mac. Unaandika huku, unafungua kule, unapata kitu kilekile. Na ni ya bure."

Angeacha hilo neno la mwisho, pengine mambo yangekuwa mengine. Tracy alicheka.

"Ya bure! Nilijua tu. Nyinyi watu wa Ukambani mmezoea mwolyo. Mlikula chakula cha msaada, sasa mnataka mpaka programu ya msaada."

Hakuna aliyecheka naye. Mimi nilitazama meza. Aketch, mwalimu wa Kiingereza aliyekaa kando yangu, alianza kupanga kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mbula alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwolyo nilikula nikiwa na miaka saba," alisema polepole. "Yale mahindi ya njano. Yalinilea mpaka nikafika hapa kukutaipia barua zako. Sasa niambie, hiyo faili yako inafunguka maabara au haifunguki?"

Mzee Irungu alipiga kofia yake gotini. "Basi! Mbula, nakupa wiki mbili. Kitu kikiharibika, tunafuata Tracy, na sitaki kusikia maneno ingine."

Mbula aliweka programu ile kwenye mashine zote kwa siku mbili. Kwenye Mac, Tracy alikataa kutaja nywila yake mpaka baba yake alipomwamuru. Akaiandika mwenyewe huku amefunika kibodi kwa mkono wa pili, kana kwamba karani angemwibia. Mbula alingoja akiwa amegeukia dirisha.

Kisha alitupa masharti, akayabandika ukutani. Tutumie fonti moja tu, yaani umbo moja la herufi, ile inayokuja na programu yenyewe, kwa sababu fonti isiyokuwepo kwenye mashine nyingine hubadilishwa na nyingine pana au nyembamba, na kurasa zinasukumana. Mtu yeyote asilete fonti zake kwa flashi. Na mtihani ukiisha, ugeuzwe PDF kabla ya kupelekwa kuchapwa, maana PDF haisogei popote unapoifungua.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na sijivunii.

Nilikuwa na fonti yangu niliyoipenda, niliyoipata kwa rafiki anayetengeneza kadi za harusi. Niliona mtihani wangu wa Gredi ya Nane ukiandikwa kwa fonti ile utapendeza. Niliiweka kwenye kompyuta moja ya maabara, nikaandikia mtihani mzima. Asubuhi ya kuchapa nilichelewa, nikasahau PDF, au tuseme ukweli, niliiona ni kazi ya bure. Nikampa Tracy faili lenyewe kwa flashi, kwa kuwa printa nzuri ilikuwa imeunganishwa na mashine yake. Naye alichapa nakala arobaini bila kutazama hata moja.

Kwenye Mac ile fonti yangu haikuwepo. Maneno yalitanuka, kurasa zikasukumana, na mchoro wa pembetatu ukalalia swali la kumi na nne na la kumi na tano. Watoto waliandika walichokiona. Siku ya pili wazazi watano walikuwa getini, mmoja wao ameishika karatasi ya mwanawe kama hati ya mashtaka.

"Mnafundisha watoto kubahatisha?" alifoka. "Swali liko wapi hapa? Liko wapi?"

Tracy aliwaleta hadi ofisini, akamwelekezea Mbula kidole mbele yao. "Muulizeni huyu. Ni yeye alituletea programu ya bure."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja tu lingetosha. Nilifikiria nyumba yangu, mlango wa bluu, futi mia mbili kutoka pale, na mwenye nyumba wangu ni nani. Nikaenda darasani.

Saa ya chakula Mbula alinifuata. Alikuwa amefungua faili langu kwenye kompyuta ya ofisi. LibreOffice ikiikosa fonti, huandika jina lake kwa herufi zilizolala, na yeye alikuwa ameliona hilo jina limelala pale juu.

"Mwalimu Wesonga," alisema, "hii fonti ni ya nani?"

Nilijifanya natafuta chaki mfukoni.

"Ijumaa kuna mkutano. Utasema wewe, ama niseme mimi?"

"Madam, unajua naishi kwa nyumba ya Mzee."

"Na mimi naishi kwa nini? Kwa hewa?"

Nilimwambia nitasema. Ijumaa ilipofika sikusema. Tracy aliongea kwanza, akasema wiki mbili hazijaisha na tayari shule imeaibika, akataka programu ile iondolewe jioni hiyohiyo. Mzee akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia, niliangalia dirishani.

Mbula hakunitazama mara ya pili. Aliomba laptop ya Tracy, kompyuta ya ofisini na ile ya maabara niliyoandikia mtihani, akazipanga mezani zikitazama watu. Alifungua mtihani wangu kwenye zote tatu. Kwenye ile ya maabara ulikaa sawasawa. Kwenye mbili nyingine pembetatu ililala juu ya maswali. Akaonyesha jina la fonti. Akaonyesha karatasi ya masharti ukutani. Kisha akaubadilisha mtihani wote kwa ile fonti aliyotuagiza, akarudisha mchoro mahali pake, akaufungua tena kwenye zote tatu. Swali la kumi na nne lilikuwa pale, na la kumi na tano, mistari ikianza na kuishia mahali pamoja.

"Kwa hivyo ni programu imeharibu, ama ni mtu?" Mzee aliuliza.

"Ni watu wawili," alisema Mbula. "Wesonga aliyeleta fonti yake na kuruka PDF. Na Tracy aliyechapa nakala arobaini bila kuangalia moja."

Nilimchukia siku ile, sitaficha. Nilimchukia kwa sababu kila neno lilikuwa kweli na alilisema bila kupunguza sauti.

"Hiyo ni madharau!" Tracy alisema. "Daddy, unamwacha aniongeleshe hivyo?"

"Leta ratiba yako ya muhula," Mbula akamwambia. "Ile uliyoandika na programu yako. Tuifungue hapa kwa hii ya maabara."

Tracy hakuileta. Mzee alingoja, akavaa kofia yake, akainuka. "Programu inabaki," alisema. "Na Wesonga, watoto watarudia hiyo mtihani Jumamosi. Utasimamia wewe."

Mtu angedhani hapo Mbula alishinda. Mitihani ya mwisho wa muhula ilitoka safi, wala hakuna mzazi aliyekuja getini. Lakini wiki iliyofuata Tracy aliihamisha meza yake hadi kwenye ujia karibu na stoo, akisema ofisi inahitaji nafasi. Mbula alikibeba kiti chake mwenyewe. Alitaipu pale na koti mwilini, upepo ukiinua karatasi zake, na watoto wakimpita wakielekea choo. Maafisa wa elimu walipokuja kukagua, nilimsikia Tracy akiwaambia, "Tuliamua kila kitu kiende kwa mfumo mmoja. Ilikuwa idea yangu." Mbula alikuwa hatua nne kutoka hapo. Hakuinua kichwa. Walimu wenzangu pia walimlaumu chinichini kwamba hakunificha, kwamba mtu hamchomi mwenzake mbele ya bosi. Mimi sikuwakatiza.

Desemba aliandika barua ya kuacha kazi, akaiweka mezani kwa Mzee, akaondoka bila kuaga mtu.

Mwaka uliofuata nilisikia yuko Sarang'ombe, kulekule Kibera, katika ukumbi wa kanisa, akifundisha vijana kutumia kompyuta. Siku moja nilipita huko kwa shughuli zangu, nikasimama mlangoni. Alikuwa na mashine za kila namna, na wanafunzi kama ishirini.

"Madam Mbula," nilisema, "ile Ijumaa, ningesema."

Aligeuka kunitazama. Miwani ilikuwa mpya.

"Ungesema," alijibu. "Hukusema."

"Nakuja kuomba msamaha."

"Nimekusikia. Sasa ondoka hapo mlangoni, Mwalimu. Unawazibia mwanga, na tulikuwa tumeshaanza."

Nikaondoka.