Salamu Iliyotikisa Ini

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu alinikagua kucha, akaniamuru nivue hereni, kisha akanipa agizo moja. "Hapa mgonjwa anasalimiwa kwanza, dawa baadaye." Nililishika agizo hilo miaka yangu yote: zahanati niliyopangiwa kule Tunduru, wodi ya wazazi, na mwishowe chumba cha upasuaji hapa Songea. Sikujua kuwa ipo siku lingeniponza.

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya mtaa wa Majengo yakaanza kujaa redio na vitenge vya kila rangi, hospitali yetu nayo ilipata mashine ya altrasaundi iliyokwisha tumika ng'ambo. Kifaa chake kidogo hupitishwa juu ya tumbo, na yaliyomo ndani huonekana kwenye kioo. Mwanzoni sote tulijipima nayo, hata mpishi. Daktari Bingwa wa Upasuaji, mtu wa maneno machache, aliiona kwa jicho lingine.

Wagonjwa wa saratani ya ini walitufikia na ini lililokwisha chakaa kwa ugonjwa wa miaka mingi, gumu, limejaa makovu. Ini la namna hiyo halivumilii kisu: damu haigandi upesi, na kinachobaki baada ya kukata hakitoshi kumbeba mtu. Tuliwapa dawa za maumivu tukawarudisha nyumbani. Niliichukia sana kazi hiyo.

Ndipo akaja Mzee Ngonyani, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo. Ini lake lilikuwa la makovu hayo hayo, lakini uvimbe wa saratani ulikuwa mmoja tu, mdogo. Daktari akasema hatumpasui. Atapitisha sindano ndefu, nyembamba, katikati ya mbavu, akiifuata kwenye kioo, aingize spiriti safi ndani ya uvimbe iuue pale pale. Ila ini hupanda na kushuka na pumzi, kwa hiyo sindano ikiingia mzee avute pumzi na kuishika, asitikisike kabisa.

Siku ilipofika, mimi nilikuwa chumba cha pili nachemsha vyombo. Nikaingia na sinia, nikamwona mzee amelala, na ulimi ukatangulia akili.

"Shikamoo, mzee."

Sindano ilikuwa nusu ya njia. Mzee wa watu akaachia pumzi yote. "Marahaba, mwanangu, habari za..."

Daktari aliichomoa papo hapo, lakini ini lilikuwa limekwaruzwa na linavuja. Tulimlaza ubavu wa kulia, shuka iliyokunjwa chini ya mbavu, tukamtundikia damu ya mwanawe. Nilikaa naye kutwa nzima nikihesabu mapigo yanayokwenda mbio, nikijiambia nimemuua. Jioni yakatulia. Nililia mbele ya watu, na sioni aibu kulisema.

Daktari aliniita pembeni. "Sista, adabu yako ni nzuri. Leo nusura iniulie mgonjwa."

Nikaomba nihamishwe. Akakataa. Akasema kuanzia sasa mlango utafungwa, na mimi ndiye nitakayesimama kichwani pa mgonjwa nikimwambia vuta, shika, achia. Nilipokwenda kumwomba radhi mzee, yeye ndiye aliyeona haya.

"Umeniamkia, mwanangu. Ningenyamaza, ningekuwa mtu wa namna gani?"

Baada ya wiki mbili tulirudia. Nilimpita bila salamu, mdomo ukiniwasha. Akavuta, akashika, spiriti ikafika ilipotakiwa. Tulifanya hivyo mara tatu zaidi, na uvimbe ukanywea. Makovu ya ini hayakufutika, lakini mzee alirudi kwenye tumbaku yake.

Nasikia siku hizi, kwenye hospitali kubwa, wanapitisha kamera kwenye matundu madogo na kukata kipande cha ini bila kufungua tumbo. Nafurahi, na wivu kidogo ninao. Wauguzi vijana wanaonitembelea hapa nyumbani kwangu, Mshangano, nawaambia wasiache kusalimia, ila kwanza watazame kifua cha mgonjwa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, miaka kadhaa baada ya sindano zile, Mganga Mfawidhi alikuwa katikati ya hotuba Mzee Ngonyani alipoingia, amekonda lakini amesimama wima. Nikainuka. Kabla sijafungua mdomo, akanyanyua kidole, akavuta pumzi, akaishika, macho yakicheka. Nikasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri. Akaiachia taratibu.

"Haya, sasa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."