Nyuzi za Ini la Fundi

Mmeniganda niandike, na mkono wangu mnaujua ulivyo mzito. Haya. Ila asije mtu kunisahihishia herufi.

Fundi cherehani alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Miaka thelathini na mbili alikaa dirishani akishona sare za wauguzi, na pombe hakuionja hata kwa kulamba. Basi macho yalipogeuka manjano na tumbo kujaa maji, shemeji yake, mdogo wa mumewe, akapita nyumba hadi nyumba akisema ini la namna ile ni la mlevi, na kwamba kile kichupa cha mafuta ya cherehani mbona kilikuwa hakiishi, kama si pombe iliyokuwamo. Watu wakacheka. Mume akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomkata maini kuliko ugonjwa wenyewe. Tangu hapo fundi akataka kitu kimoja tu: asife na jina la ulevi.

Hospitali wakamchoma sindano nene, wakatoa kinyama cha ini. Daktari, binti wa umri wa mwanawe, akamwonyesha picha ya kinyama hicho, iliyokuzwa kwa hadubini. Akamweleza kuwa ini ni seli nyingi ndogondogo, na kila seli ina nyuzi ndani: nyingine huishikilia isibomoke, nyingine ni njia za kuyatolea mafuta nje. Seli zake zimevimba kwa mafuta, na nyuzi zimejisokota zikawa mabonge.

Fundi hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Uzi umefanya kiota chini ya kitambaa," akasema. "Si mnafumua?"

"Hizi hazifumuliki, mama."

Akaisogelea picha. "Na ni pombe?"

Daktari akasema ya walevi huonekana hivyohivyo, lakini kisukari nacho huleta, na yeye kisukari anacho. Picha peke yake haiwezi kuapa. Fundi akamwomba aandike hivyo, naye akaandika: kisukari, pombe hatumii, kwa maelezo ya mgonjwa.

Shemeji aliisoma karatasi, akarudia yale ya mwisho. Kwa maelezo ya mgonjwa! Mume akaichukua, akaisoma taratibu, kisha akamwuliza mkewe, "Kweli hukuwa unakunywa?"

Fundi akageukia ukutani. Siku kumi na moja hakumjibu neno, ya kumi na mbili tukamzika.

Shemeji yu hai, na kusoma anajua. Wewe uliyeishika karatasi hii, mpelekee. Asome kwa sauti, na kaka yake awe amekaa hapohapo.