Nilisema Kufuli Imenishinda

Mhariri, nanyi wasomaji wa ukurasa huu, walio wakubwa shikamooni. Jina langu naomba lifichwe kabisa, maana huku kwetu ukipiga chafya Kaisho, Bugene wanajua una mafua. Nina miaka thelathini na tisa, ni Mlutheri, kazi yangu kutengeneza baiskeli. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita akijifungua, na mtoto akamfuata siku ya pili. Tangu hapo naishi peke yangu.

Msinicheke. Wakifiwa, wengine hunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wengine huoa haraka haraka. Mimi nilianza kuchezea kufuli. Mteja mmoja aliniachia kufuli kuukuu isiyo na ufunguo. Nikasugua ncha ya spoku ya baiskeli, nikawa nazisukuma pini za ndani moja moja, huku nimekaza kwa kipande cha bati. Ilipofyatuka nilipiga kelele nyumbani kama mwendawazimu, na hapakuwa na wa kuniuliza kuna nini. Basi kila nikisikia mtu kapoteza ufunguo, naiomba kufuli yake. Ziko zenye hila, pini zake zimechongwa kiuno katikati. Hizo hugeuka kidogo ukadhani umeshinda, ukikaza zinagoma kabisa. Inabidi ulegeze mkono, ukubali irudi nyuma, ndipo uendelee. Moja ya namna hiyo ilinitesa miezi minne. Sijaiba hata sindano ya mtu, Mungu shahidi wangu.

Sasa nina rafiki, nimwite K, anakaa mlima wa pili kutoka kwangu. Ujanani, kabla hatujabatizwa, tulichanjana, tukala buni zilizopakwa damu yetu, tukawa ndugu. Mchungaji hataki hata kusikia habari hizo, ndiyo maana nimekuja kwenu badala ya kwenda kwake. Ukishachanjana na mtu, humnyimi kitu na humdanganyi. Nyumba yake ni yako. Enzi za msonge na mlango wa matete nilikuwa naingia kwake, nachota maji, nakula, akirudi ananikuta nimelala fofofo.

Kahawa ikamkubali K. Akajenga nyumba ya mabati yenye mlango wa mbao, akatundika kufuli kubwa. Jumapili moja baada ya ibada nikaenda kumtembelea, nikakuta kumefungwa na mvua inakuja. Nikasema hebu nijaribu kidogo tu, nione kama nayo ina zile pini za kiuno. Inazo! Nilihangaika nayo, mvua ikanikuta pale pale, ikafunguka. Nilifurahi jamani! Nikaingia, nikawasha moto, nikamenya ndizi, nikabandika, nikakaa kumngoja nimsimulie.

Akatokea na mkewe, wamelowa. Akasimama mlangoni.

"Umeingiaje?"

"Nimeifungua, bwana! Kwa spoku!" Mimi nacheka.

Yeye hakucheka. Akauliza, "Mara ngapi?"

Mara ngapi! Mtu niliyekula damu yake. Nikamwambia ni leo tu, akasema haya. Hakunipa hata buni ya kutafuna, na kwetu hata mgeni usiyempenda unampa. Zile ndizi nilizopika mwenyewe ndizo tulizokula, nikaaga.

Wiki ile ile akanunua kufuli nyingine, kubwa zaidi. Hakunigombeza. Ila nikifika, ametoka, na nikimkuta njiani ana haraka. Kwenye rubisi watu wakawa wanashika mifuko yao nikikaa karibu, eti utani. Miezi minane sikuongea na mtu neno lisilohusu baiskeli.

Asubuhi moja mkewe akaja mbio. "Shemeji, twende! Ufunguo umepotea, na watu wa posa ya binti yetu wamefika. Vyombo, pombe, kila kitu kiko ndani. Wamesimama uani!"

"K ndiye amekutuma?"

"Ndiye."

Nikaacha baiskeli ya mtu magurudumu juu. Nilipofika, ua umejaa. K akaniambia bila kunitazama, "Jaribu." Nikaingiza spoku. Ilikuwa ya zile za hila. Nikailegeza, ikarudi, pini ya mwisho ikapanda, nikahisi kabisa kwamba nikigeuza kidole tu inafyatuka. Nikainua macho. K alikuwa ananitazama mikono, midomo imemkauka. Hakuwa anawaogopa wakwe. Alikuwa ananiogopa mimi.

Nikaachia. Nikasema, "Hii imenishinda."

Mhariri, ungemwona! Alicheka mpaka machozi. "Imekushinda? Wewe?" Akanipiga bega, akaagiza msumeno wa chuma, wakaikata, akanikalisha kando yake mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo nimerudi kuwa mtu. Jumapili ananiita. Amenunua kufuli nyingine ya aina ile ile, na kila mgeni anasimuliwa jinsi ilivyomshinda fundi.

Nami nacheka nao. Lakini nikirudi nyumbani silali vizuri. Nimemdanganya mtu niliyeapa kutomdanganya, na anayekaribishwa pale ni fundi aliyeshindwa, siyo mimi. Upweke wa mwanzo niliuzoea. Huu wa kukaa bega kwa bega na ndugu yako, ukiwa na neno usiloweza kumwambia, ndio unaniua.

Juzi amenipa habari kwamba kahawa zikishavunwa anakwenda Uganda miezi mitatu kumtafuta kaka yake, na mkewe atakuwa kwao. Akanishika mkono akasema, "Nyumba nakuachia wewe uiangalie. Sina wasiwasi nawe tena, hata ungetaka usingeweza kuingia." Alisema kwa upendo kabisa, wala hakujua amesema nini.

Nikimwambia ukweli, nampoteza mara ya pili. Nikinyamaza, nitailinda nyumba ya mtu asiyeniamini. Ninyi ambao mmewahi kubakiwa na ndugu mmoja tu duniani, niambieni, mngefanyaje?