Nani Anakula Umeme Wangu?

Jamani, nimeumbuka hapa Chemchem, na sura sina pa kuificha. Umeme wangu ulikuwa unaisha kama maji kwenye chekeche. Nikajipa jibu mwenyewe: mwizi ni jirani yangu Bi Salma, muuza barafu. Ndiye anayenishikia mtoto nikienda kazini, lakini hasira haina adabu.

Nikamwita fundi. Nikazima kila kitu vyumba vyote, isipokuwa cha mama mkwe aliyetutembelea kutoka Usoke, maana chumba cha mkwe hakiingiliwi ovyo. Taa ya mita ikaendelea kupepesa mbiombio.

"Umeona?" nikamwambia fundi, majirani wamejaa uani. "Bi Salma, wewe ni kupe."

"Haya, mwanangu," akajibu, mtoto wangu kamlalia mgongoni. "Fundi, zima swichi kubwa ya kwake, tuone kama friji langu litazimika."

Fundi akazima. Friji la Bi Salma likaendelea kunguruma. Mlango wa mama mkwe ukafunguka, likatoka joto la tanuri, naye kashika sinia la vipande vya viazi vitamu.

"Nani kanizimia jiko la umeme? Kwa mvua hizi, michembe uliyoniomba nitaikaushia wapi?"