Maji Moto ya Mke wa Bosi

Ujuaji wangu umeniumbua, na afadhali mnisikie mimi kabla hamjawasikia majirani. Jumamosi mke wa bosi wetu aliniita kwake Milimani nimsaidie na wageni. Nilitaka sana anisifu kwa mumewe, maana nimechoka kuwa karani mdogo.

Jikoni alinionyesha keki ya jibini, akaniambia niikate vipande vya kumeza mara moja, kisha akaenda kuvaa. Vipande vya kumeza mara moja! Watu wazima wametoka mbali, Muhoroni kote huko, wanalishwa kama kasuku. Kando ya keki palikuwa na kisu, jagi la maji moto na kitambaa. Nikazidi kumdharau: maji ya kunawa amekumbuka, beseni amesahau. Hawa matajiri!

Nikatafuta beseni, nikawanawisha wageni wote mikono kwa adabu. Nyuso ziling'aa. Wazee wakakunja mikono ya mashati, wakasogea mezani.

Nilipoikata ile keki, ilinata kwenye kisu, ikatoka kama tope. Nikaipanga hivyo hivyo kwenye sinia na kuipeleka.

Mzee mmoja aliichungulia, mikono yake safi ikiwa hewani. "Mama, hii ni nini? Ugali na samaki iko wapi?"

Kabla sijajibu, mke wa bosi alitokea mlangoni. "Nani amechukua maji yangu ya kuchovya kisu, keki isinate?"

Wageni wote walinigeukia. Kitambaa kilikuwa bado begani mwangu.