Maua ya Kiwi Niliyoyaombea

Mimi si mkulima wa kusomea. Nilikulia Bukavu, upande wa Kongo, na tuliporudi Rwanda nilijifunzia kilimo kwenye mihogo. Ukitaka pingili nzuri ya muhogo, unatafuta shina lenye nguvu kuliko yote shambani, unakata palipo panene. Mkono wangu uliizoea kazi hiyo hata nikawa naifanya huku nikiwaza mengine.

Kiwi ya njano tuliletewa na mtaalamu mmoja aliyekuja kufundisha kikundi chetu hapa Gihundwe. Ile ya kijani yenye manyoya tulikuwa tumeiona sokoni Kamembe. Hii ngozi yake ni laini, na ndani ina rangi ya kiini cha yai la kienyeji, tamu, hata mtoto hakunji uso akiila. Alituachia miche michache, akatueleza kwamba kiwi ina mti dume na mti jike. Dume hauzai kamwe. Kazi yake ni kutoa unga wa maua, nyuki wakaupeleka kwa jike. Nikasema kwa sauti kwamba kumbe hata kwenye mimea wamo wanaume wenzangu wa kukaa tu. Watu walicheka, nami nikajiona mjanja.

Yangu ilipozaa, mama mmoja wa Gashonga alikuja kuonja. Ni mjane, tunaimba naye kwaya moja. Alikula tunda polepole, kisha akaomba mbegu. Matunda nilikuwa nimeshayachuma yote, mimea haikuwa na ua wala tunda la kuonyesha upi ni jike, na pikipiki iliyomleta ilikuwa inapiga honi barabarani. Niliingia shambani na kisu, mkono ukaenda wenyewe kwenye mti mnene kuliko yote. Ulikuwa mnene kwa sababu haukuwa umebeba kitu mwaka mzima. Nikamkatia pingili kumi na mbili, nikazifunga kwa jani la mgomba.

Nilimwambia kiwi inataka jua. Kwa neno langu aling'oa migomba ya nyuma ya nyumba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, akasimamisha nguzo na waya za kiwi kutambaa.

Mimea yangu ilipochanua tena, niliyaona makovu ya kisu changu, yote kwenye mti dume. Niliona aibu, kisha woga, na woga ukashinda. Nilijiambia labda chache nilizikata kwingine, nikijua wazi kwamba ni uongo. Miaka mitatu aliniuliza mambo ya mbolea baada ya mazoezi ya kwaya, na miaka mitatu nikamjibu vizuri, kama mtu mwema.

Siku moja akanipigia simu kwamba maua yametoka. Nilikwenda. Waya zote zilikuwa nyeupe kwa maua, na kila ua nililoligeuza lilikuwa limejaa unga wa njano, bila kitunda chochote katikati yake. Pale ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani.

“Papa, ni wewe ulinipatiaka hii miti,” alisema kwa Kiswahili cha mpakani kwetu. “Uiombee, Mungu aibariki.”

Nikaomba. Niliomba kwa maneno mengi, nikaomba na mavuno, yeye akiitikia amina.

Maua yalianguka yote. Hakunilaumu. Wiki chache baadaye nilisikia kwamba amemwomba jirani ampandie maharagwe, kwa kuwa yeye, alisema, mkono wake ni mbaya, unaua anachokigusa. Mwanamke aliyelima maisha yake yote. Usingizi ulinikimbia, na nilistahili.

Nilipokwenda kwake nilibeba kisu na vipandikizi vya mti jike, ambavyo safari hii nilivifunga utepe kimoja kimoja nisikosee tena. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama chini ya waya: kwamba mkono mbaya ni wangu, kwamba miti yake yote ni dume, kwamba ikikatwa na kupandikizwa itazaa, ila atangoja tena miaka. Nilitegemea aulize kuhusu migomba. Nilikuwa nimeandaa jibu la migomba.

“Ile siku uliomba,” aliuliza, “ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, Maman.”

Akaenda kuniletea maji ya kunawa. Tulifanya kazi mpaka mchana, mimi nikipasua mashina, yeye akifunga. Mti mmoja tuliuacha kama ulivyo, kwa ajili ya nyuki. Alichoniomba ni kisu tu, na alinirudishia.

Jumapili iliyofuata kiongozi wa kwaya alinitaka nifungue kwa maombi. Nilifumba macho, nikaanza, kisha nikafumbua. Kwaya nzima ilikuwa imeinamisha vichwa. Yule mama wa Gashonga peke yake alikuwa ananitazama.